Sindano za Enosi

Harufu ya spiriti ndiyo iliyonishika. Juzi nilikwenda chumba cha maiti kumtazama ndugu yangu Enosi, na kijana wa pale alipofungua mlango, kabla sijaona chochote, pua yangu ilikuwa imekwisha kunirudisha mjini, kwenye chumba kimoja cha ghorofani chenye sakafu ya mbao, na sindano zimelazwa kwenye sahani nyeupe. Kijana alidhani nimeogopa maiti. Akanishika mkono. “Pole, shosho, keti kidogo.” Nikamwambia mimi nimekaa machinjioni Dagoretti tangu kabla mama yake hajazaliwa, aniondolee mkono, anionyeshe ndugu yangu.

Kusoma sikusoma. Nilifika darasa la pili nikatolewa, na sababu mtaiona. Kila nilicho nacho nimekipata kwa matumbo na ngozi za ng'ombe, na nyumba ninayokaa ni ya mawe. Nasema hivi ili asije mtu akafikiri naomba kuhurumiwa. Lakini nyinyi wa rika langu, mliokuwa watoto Nairobi wakati wa hali ya hatari, hamhitaji kuelezwa mambo mengi. Mnajua askari alivyokuwa akiita, na mnajua ilivyokuwa kwa mtu asiyeitika.

Baba yetu, Yohana, alitoka Maragoli akaja kuwa mpishi wa Wazungu Kileleshwa. Siku hizo Kileleshwa ilikuwa nyumba moja na bustani yake, kisha nyingine mbali huko na bustani yake, na sisi watumishi nyuma kabisa, karibu na shimo la takataka. Chumba chetu zamani kilikuwa stoo ya chakula cha farasi. Kilikuwa cha mbao tupu, kimeinuliwa juu ya mawe, kuku wanalala chini yake. Mtu akikanyaga mlangoni, vikombe vinalia kwenye rafu. Ukilala chini, unajua ni nani ameingia bila kufungua macho: Baba mzito, Mama haraka haraka, Mutiso wa bustani anaburuta mguu.

Enosi alinifuata mimi kwa kuzaliwa. Alikuwa mtoto wa maneno. Aliweza kumwigiza memsahib akimwita mbwa, akamwigiza mpaka mbwa akaja. Kisha akapata homa iliyomkaza shingo, akawa amelala kama ubao, macho yameangalia juu, na Mama akamfunika huku analia, kwa kuwa alikwisha kuzika wawili nyumbani kabla yetu. Huyu hakufa. Asubuhi moja alikaa kitandani akaomba uji.

Tukashangilia. Enosi akatutazama midomo, akacheka. Alidhani tunacheza mchezo, tunafungua vinywa bila kutoa sauti. Naye akafungua chake, hakutoa kitu, akacheka tena. Mama akasema, “Enosi, kunywa uji.” Akacheka. Mama akasema tena. Hapo kicheko kikaanza kumwisha kidogo kidogo, akatutazama mmoja mmoja, akatupa bakuli ukutani, akapiga kelele, “Acheni! Semeni vizuri!” Hiyo sauti ya Enosi ninayo mpaka leo. Baadaye alinyamaza, maneno yakamtoka moja moja kama meno ya utotoni, na hayakuota mengine.

Mimi nikatolewa shule niwe masikio yake. Mama akachana kitambaa chekundu kutoka kwenye leso yake kuukuu, akakishona mgongoni mwa shati la Enosi, hapa katikati. Akibadili shati, Mama anakihamisha. Akazunguka na Mutiso mpaka kwa askari waliokaa njia panda, akamgeuza Enosi, akawaonyesha. “Huyu hasikii. Mkiona nyekundu hii, msiite. Mshikeni tu.” Wale askari wakacheka, wakasema sawa, mama. Na walishika neno. Kitambaa kile kilikuwa kipande chake Enosi, kitambulisho chake kwa askari, na kilifanya kazi kuliko cha Baba.

Lakini Baba alikichukia. Alikuwa mtu wa kujivuna, kama mimi. Kanisani kwetu ndiye aliyepiga ngoma kubwa. Jumapili tulitoka mstari na nguo nyeupe, tukapita barabarani tukiimba, na Baba mbele na ngoma ile ya ngozi ya ng'ombe imemfunika tumbo lote. Watu walimjua kwa ngoma. Sasa nyuma yake anatembea mtoto wake wa kiume mwenye alama mgongoni kama ng'ombe wa mnada. Hayo ni maneno yake mwenyewe: “Umempiga chapa mwanangu kama ng'ombe wa mnada.”

Mama akamjibu, “Ng'ombe mwenye chapa hapotei.”

Ndipo akaja yule daktari. Alikuwa mzee wa Kizungu, mrefu, aliyefukuzwa Uchina pamoja na wamisheni wenzake, akaja kula chakula cha jioni kwa mabwana zetu. Memsahib akamwambia habari za mtoto wa mpishi. Kesho yake akatokea nyuma kwetu, akachuchumaa kwenye mavumbi mbele ya Enosi, akapiga makofi kushoto, akapiga kulia. Akamwambia Baba, “Yohana, huko Uchina watu natia sindano, ngonjwa natoka. Sikio ya toto, mimi hapana jua. Mimi taka jaribu.”

Nataka mlisikie vizuri neno hilo. Alisema hajui. Alisema anataka kujaribu. Baba hakusikia “sijui” wala “jaribu”. Alisikia “ugonjwa unatoka”. Usiku akamweleza Mama: “Funza si hutoka kwa sindano? Basi na uziwi utatoka. Kuna kitu kimeingia mle, na yule mzee anajua kukitoa.”

Mimi hilo la funza nililimeza zima. Sote tulitolewa funza na Mama, miguu kwenye mapaja yake, sindano ikichimba mpaka lile yai jeupe litoke, kisha mafuta ya taa yakiunguza shimo. Kwa hiyo tulipoanza kwenda mjini kila Alhamisi mchana, Baba akiwa na mapumziko, mimi nilijua tunakwenda kufanya nini. Kuna funza wa kelele wameingia kichwani mwa Enosi wakala sauti zote. Watatolewa, nami nitawaona.

Tulikwenda kwa miguu mpaka mjini, Baba akionyesha kipande chake kila walipotusimamisha. Chumba cha daktari kilikuwa juu ya duka la Mhindi la vitambaa. Ngazi za mbao, sakafu ya mbao. Alimkalisha Enosi kwenye kigoda, akampa peremende, akasimama nyuma yake. Akapaka spiriti. Kisha sindano. Ndefu, nyembamba kama unywele wa mkia wa farasi. Moja nyuma ya sikio, moja nyuma ya sikio la pili, mbili kisogoni, na nyingine mkononi kati ya kidole gumba na cha shahada, na hiyo ya mkononi ndiyo iliyonichanganya, maana sikio haliko mkononi. Akaziacha zimesimama. Kisha akarudi akaanza kuzizungusha kwa vidole, polepole, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio.

Enosi hakulia. Alining'ang'ania kwa macho. Mimi nilikuwa mbele yake, nimeagizwa nimshike magoti, na nilimwona akishusha kidevu akauma shati lake. Daktari alipozichomoa, nilitazama pamba. Kulikuwa na nukta ndogo ya damu. Nikamwuliza Baba, “Mayai yako wapi?” Baba akanipiga kofi la kichwa, si kwa hasira, kwa aibu tu mbele ya Mzungu.

Mwishoni daktari huchukua kengele ndogo, huenda nyuma, huiliza. Enosi hatikisiki. Daktari husema, “Bado.” Alhamisi nyingine, bado. Kisogo chake kikawa na madoa kama ya kuumwa na kunguni. Akaanza kukataa kula Jumatano. Hakuna aliyemwambia kesho ni Alhamisi, alijua mwenyewe, labda kwa kumwona Baba akipaka viatu rangi. Siku moja alijificha chini ya nyumba na kuku. Baba akamtoa kwa kumvuta miguu.

Sisemi daktari alikuwa mbaya. Siku ile ya mwisho alikaa kitini, akavua miwani, akasema wazi: “Yohana, mimi najaribu. Toto hapana sikia. Mimi naona hii kazi hapana faa kwa yeye.”

Baba akasema, “Bwana daktari, hiyo kengele ni ya Kizungu.”

“Kengele ni kengele.”

“Mtoto wangu hajazaliwa na kengele. Amezaliwa na ngoma. Kama kitu kimefunguka, kitafungukia ngoma kwanza.”

Yule mzee akatikisa kichwa, akasema jaribu basi, lakini wiki ijayo atamtia sindano kwa mara ya mwisho. Baba alirudi nyumbani haraka hivi kwamba mimi na Enosi tulikimbia nyuma yake njia nzima.

Jioni ile Baba alitoa ngoma chini ya kitanda. Mama akasimama mlangoni na mwiko. Mutiso naye akaja kuchungulia, na mtu wa kunyamaza Mutiso hakuwa. Enosi alikaa katikati ya chumba, miguu mitupu kwenye mbao, ametazama ukuta. Baba akasimama nyuma yake, akainua mkono, akapiga mara moja.

Vikombe vililia. Mimi mwenyewe nilihisi kifuani. Enosi hakutikisika. Baba akapiga tena. Nikamwona Enosi akitazama miguu yake. Kisha akanitazama mimi, kisha taratibu kabisa akageuza kichwa nyuma.

Baba akaanguka magoti. Sijawahi kumwona mwanamume akilia hivyo. “Amesikia! Mama Rasoa, umeona? Amesikia!” Rasoa ndiye mimi. Akapiga tena, Enosi akageuka. Akapiga tena, akageuka. Baba alimbeba, akazunguka naye, ngoma ikagonga kila kitu.

Mutiso mlangoni akasema, “Yohana, hata ukuta unasikia ngoma yako.”

“Toka hapa na uchawi wako wa Ukambani!”

“Natoka. Lakini mwite jina kwanza. Ngoma si jina lake.”

Baba alimfukuza na kuni. Hakumwita jina. Mama pia hakumwita, na Mama nilimwona akifungua kinywa akafunga. Nadhani naye alitaka. Ukishazika wawili, unaweza kutaka kitu mpaka ukaogopa kukiuliza.

Jumapili kanisani palijaa. Sakafu ilikuwa ya mbao pia, maana lilikuwa banda la zamani la reli. Mchungaji akamsimamisha Enosi mbele ya watu, Baba akapiga nyuma yake, Enosi akageuka. Wanawake wakapiga vigelegele. Baba akachukua kisu kidogo cha jikoni, mbele ya wote akakata nyuzi, akang'oa kile kitambaa chekundu mgongoni, akakitupa chini. Mama akakiokota, akakitia kifuani.

Alhamisi iliyofuata hatukwenda kwa daktari. Enosi aliketi mlangoni tangu asubuhi akitazama viatu vya Baba. Havikupakwa rangi. Jioni alikula mpaka tukacheka.

Sasa sikilizeni ubaya wa jambo hili. Wakati alikuwa kiziwi, hakuna aliyempiga Enosi. Alipopona, akaanza kupigwa. Baba anamwita kutoka jikoni kwa memsahib, haji. Baba anamtuma maji, anakaa. “Masikio unayo! Unayo! Nani alikufundisha kiburi?” Na kiboko kilitoka nyuma siku zote, maana mtu unayemwita na haitiki amekupa mgongo. Enosi hakujua kinatoka lini wala kwa nini. Akaanza kutembea akigeuka geuka kama swala.

Na mimi, mtoto, nilimwamini Baba. Nilimchukia Enosi kabisa. Nilijua anasikia, nimeona kwa macho yangu, na bado ananiacha nipige kelele kama mwendawazimu. Nilimfikiria amekuwa na majivuno ya mtu aliyeshangiliwa kanisani. Nilimwambia, “Bwana mkubwa, endelea tu.” Alitabasamu. Alidhani nimesema kitu kizuri.

Mama akasema siku moja, akiosha sufuria, bila kumtazama Baba, “Yohana, naomba nikirudishe kile kitambaa.”

“Ukikirudisha unamwambia Mungu mwongo.”

Basi ikaisha hapo.

Siku yenyewe Baba alimtuma mafuta ya taa, dukani ng'ambo ya barabara. Nikasimama niende naye. “Kaa,” Baba akaniambia. “Ana masikio. Aende kama mwanamume.” Akampa chupa, akamwonyesha kwa kidole, na Enosi akaelewa kidole. Nikamfuata mpaka kwenye ua wa miiba, nikasimama hapo, maana nilikatazwa kupita.

Alikuwa anarudi, chupa imejaa, ameishika kwa mikono miwili asiimwage. Nyuma yake wakatokea askari, wawili, si wale wa njia panda waliotujua. Wageni. Mmoja akaita, “Wewe! Simama!” Enosi anakuja tu, anatazama chupa. “Simama, toto!” Nikapiga kelele, “Hasikii!” Neno hilo lilinitoka lenyewe. Kwa wiki zote zile nilikuwa nimeapa kwamba anasikia, na kinywa changu kilikuwa kinajua jambo jingine. Lakini mimi ni msichana nyuma ya miiba, nani atanisikiliza. Enosi aliniona kinywa kikifunguka, akatabasamu, akaniinulia chupa nione kwamba hajamwaga hata tone.

Askari akafika, akageuza bunduki, akampiga kwa kitako katikati ya mgongo. Pale pale. Mahali pa kile kitambaa.

Chupa ilipasuka. Enosi alilala kwenye mafuta na vioo, mdomo wazi, hakutoa sauti. Harufu ya mafuta ya taa ikajaa barabara. Baba alitoka mbio na aproni yake nyeupe, unga mikononi, na yule askari akamwelekezea bunduki.

“Hii mtoto yako ina kiburi! Nimeita, nimeita!”

Baba akainua mikono juu. Akamtazama Enosi chini, akamtazama Mama aliyekuwa amefika, akanitazama mimi. Akasema, “Ni kiziwi, afande. Mtoto wangu ni kiziwi.”

Mama hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye vioo. Akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, “Leo ndiyo umejua?”

Enosi alilala kwa tumbo siku nyingi. Daktari yule mzee alikuja mwenyewe nyuma kwetu na mkoba wake, na Enosi alipomwona aliingiza kichwa kizima chini ya blanketi. Mzee akasimama. Hakufungua mkoba. Aliacha dawa ya maumivu mlangoni, akaenda.

Mimi nikamwuliza Enosi, kwa mikono yetu tuliyokuwa tumezoea. Nikapiga ngoma hewani, nikageuza kichwa, nikafungua viganja: kwa nini? Akashusha mkono kitandani, akapapasa mbao za sakafu. Akanionyesha nyayo zake. Kisha akabana kidole gumba na cha shahada, akavipeleka kisogoni, akavizungusha polepole. Akapangusa mikono. Zimekwisha. Alikuwa amegundua kwamba akigeuka, sindano zinakwisha. Ndiyo hiyo tu. Mtoto alinunua Alhamisi zake.

Nilimweleza Mama, na Mama akamweleza Baba, na sijui walisemezana nini. Ninajua Mama alikishona kile kitambaa tena. Ninajua ngoma ilirudi chini ya kitanda na haikutoka. Panya waliitoboa ngozi.

Enosi alipona mgongo, ingawa ulibaki umepinda kidogo upande wa kushoto. Nilipoanza biashara yangu Dagoretti nilimchukua. Hakuna mtu aliyechuna ngozi bila kuitoboa kama yeye, na wanunuzi waliulizia ngozi za bubu. Alioa, akazaa wanne, wote wanasikia. Lakini maisha yake yote alikaa mgongo kwenye ukuta. Hotelini, kanisani, harusini kwa binti yake mwenyewe. Ukimwondolea ukuta, anasimama. Watoto wake walijua wakiwa bado wanatambaa: kwa Baba huji kwa nyuma.

Na baba yetu, uzeeni, alikuja kukaa nasi. Alikuwa na magoti mabovu, anatembea na fimbo mbili. Enosi alipenda kuota jua uani, na mlango wa chumba cha mzee ulitokea upande wa mgongo wake. Hatua chache tu. Yule mzee hakupita hapo hata siku moja. Alitoka na fimbo zake, akazunguka nyumba nzima, nyuma ya zizi, kwenye matope, akihema, akisimama kupumzika, ili amtokee Enosi kwa mbele. Kisha anakaa, na wote wawili wanatazama kuku. Kuomba msamaha hakuomba. Alizunguka, mpaka alipokufa.

Jumamosi tumemzika Enosi. Shamba ni dogo, na kaburi lilichimbwa karibu na njia, hivyo watu walipokuja kutupa udongo walikuwa wanatokea upande wa kichwa, wanaanza kurusha kutoka huko nyuma. Nikasimama. Nikasema, “Zungukeni.”

Mchungaji, kijana mzuri, akaniinamia. “Mama, upande ule kuna matope. Na yeye, mama, haoni tena.”

“Nimesema zungukeni. Mtokeeni kwa mbele.”

Watu wakatazamana. Kisha watoto wake wanne wakatangulia, na mstari wote ukawafuata kwenye matope, na viatu vyao vya kanisani.